SOMO LA ROBO HII: PENSHENI YA NG'AMBO NA KODI YA HAPA



Somo la safari hii limetokana na swali tunaloulizwa mara nyingi tunapotembelea parokia, kuanzia milimani Litembo hadi chini ufukweni Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Linaulizwa kwa sauti ndogo, kikao kikiwa kimeshafungwa na watu wanasubiri chai: "Yule mama wa Kizungu aliyestaafu akaja kukaa kwetu, pensheni yake inatoka kwao. Je, anadaiwa kodi hapa Tanzania?" Wengine huuliza juu ya ndugu yao mwenyewe, mzaliwa wa Mbinga aliyefanya kazi Ulaya miaka thelathini na sasa amerudi kujenga.

Swali hili si la wageni peke yao. Ziko parokia ambazo fedha ya mstaafu mmoja ndiyo inayolipa ada za wanafunzi, dawa za zahanati na mshahara wa mlinzi. Siku Mamlaka ya Mapato (TRA) ikimwandikia mstaafu huyo barua ya kodi ya miaka mitano pamoja na riba, atakayetikisika si yeye tu. Kwa hiyo kamati inayopokea mkono wake inapaswa kuelewa jambo hili, hata kama kodi yenyewe si ya kamati.

WATU HAWA NI AKINA NANI

Kusini mwetu tumezoea wageni wa kanisa. Wabenediktini wako Peramiho tangu 1898. Upande wa ziwa, wamisionari wa Kianglikana walianza kazi kutoka kisiwa cha Likoma katika miaka ya 1880, na kazi yao ikafika mwambao wetu. Baada ya uhuru wakaja wauguzi, walimu na mafundi wa kujitolea, wakakaa miaka miwili, mitano, kumi, kisha wakarudi kwao kufanya kazi hadi kustaafu. Baadhi yao moyo ulibaki huku. Wakishastaafu wanarudi, wengine kwa miezi michache kila mwaka, wengine moja kwa moja.

Kuna pia wana wetu waliokwenda ng'ambo. Muuguzi aliyefanya kazi Uingereza, fundi aliyekuwa Ujerumani, mwalimu aliyefundisha Afrika Kusini. Wakirudi, pensheni huwafuata benki.

Katika vikao tunasikia majibu matatu. La kwanza: "Pensheni imeshakatwa kodi huko ilikotoka, imekwisha." La pili: "Hela haikuchumwa Tanzania, kwa hiyo Tanzania haihusiki." La tatu, na hili ndilo linalopendwa zaidi na kamati: "Anaitoa sadaka, hawezi kutozwa." Jibu la kwanza ni nusu ya ukweli. La pili ni kweli kwa baadhi ya watu na kwa muda fulani tu. La tatu si kweli.

SWALI LA KWANZA SI FEDHA, NI SIKU

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ambayo ni Sura ya 332 ya sheria zetu. (Namba za vifungu tunazotaja ni za sheria hiyo ilivyotungwa, atakayesoma toleo lililorekebishwa aangalie mpangilio wake.) Sheria haianzi kwa kuuliza pensheni inatoka wapi. Inaanza kwa kuuliza: mtu huyu ni mkazi wa Tanzania kwa mambo ya kodi, au si mkazi? Mkazi hutozwa kwa mapato yake yote, ya ndani na ya nje. Asiye mkazi hutozwa kwa mapato yenye chanzo Tanzania tu.

Ukazi huu hautokani na uraia, wala na kibali cha Uhamiaji. Mstaafu wa kigeni kwa kawaida hukaa kwa Kibali cha Ukaazi Daraja C, daraja lile lile linalotumiwa na wamisionari, wanafunzi na watu wa kujitolea. Kibali hicho kinamruhusu kuishi nchini. Hakisemi lolote kama anadaiwa kodi au hadaiwi. Tumekutana na watu wanaoamini kwamba kwa kuwa Uhamiaji wameshamaliza naye, serikali yote imeshamaliza naye. Hizo ni ofisi mbili.

Kifungu cha 66 kinaweka njia ambazo mtu binafsi huhesabiwa kuwa mkazi katika mwaka fulani wa mapato, ambao kwa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba. Njia moja inawahusu watumishi wa serikali yetu waliotumwa nje, tuiache. Zilizobaki ni tatu. Mtu ana makazi ya kudumu Tanzania na amekuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo, hata iwe fupi. Au amekuwepo nchini siku 183 au zaidi katika mwaka huo. Au amekuwepo nchini mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa siku zake kwa mwaka katika miaka hiyo mitatu unazidi 122.

Njia hii ya mwisho ndiyo inayowanasa watu bila wao kujua. Wengi wamesikia habari ya miezi sita, basi wanahesabu miezi mitano na kujiona wako salama.

TUCHUKUE MFANO

Tumfikirie mama mmoja, tumwite Mama Mwalimu. Alikuwa mwalimu wa serikali huko Ujerumani. Baada ya kustaafu anakuja ufukweni kila mwaka kukwepa baridi ya kwao: anafika tarehe 1 Januari, anaondoka tarehe 31 Mei. Hizo ni siku 151. Mwaka wa kwanza si mkazi, maana hajafika 183. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa tatu anapiga hesabu ile ile na kujiona yuko salama, kumbe wastani wa miaka mitatu ni 151, nao umezidi 122. Mwaka huo wa tatu amekuwa mkazi.

Sasa tuongeze jambo moja. Katika mwaka wa pili parokia ilimpa eneo kwenye kiwanja chake, naye akajenga nyumba ndogo ya vyumba viwili inayotazama ziwa, akaweka vitabu vyake, akaweka mlango wenye funguo zake. (Mgeni hamilikishwi ardhi kwa ajili ya kuishi tu, Sheria ya Ardhi ya 1999 inamruhusu kwa ajili ya uwekezaji. Ndiyo sababu nyumba nyingi za namna hii zinasimama juu ya ardhi ya parokia, na ndiyo sababu kamati inaingia katika habari hii itake isitake.) Ikiwa nyumba hiyo ni makazi yake ya kudumu, amekuwa mkazi tangu mwaka huo wa pili, bila kujali idadi ya siku. Chumba cha wageni anachopangiwa akifika na kukiachia akiondoka ni jambo jingine.

Upo unafuu mmoja ambao wageni wapya wanaupenda. Kifungu cha 6 kinasema mkazi ambaye hadi mwisho wa mwaka amekuwa mkazi wa Tanzania kwa miaka miwili au pungufu, kwa jumla, atatozwa kwa mapato ya ndani tu, kama asiye mkazi. Pensheni ya ng'ambo inaachwa. Lakini someni vizuri: miaka hiyo miwili inahesabiwa kwa maisha yake yote. Mama Mwalimu wetu alifundisha shule ya sekondari huku kama mtu wa kujitolea tangu 1978 hadi 1982, na wakati huo aliishi nchini mwaka mzima. Unafuu wake aliutumia zamani, akiwa kijana. Ajabu ya sheria hii ni kwamba mgeni ambaye hajawahi kukanyaga Mbinga anapata nafasi ya kupumua, na yule aliyetupa miaka ya ujana wake hapati. Mzaliwa wa Mbinga aliyekulia hapa na kurudi akiwa mzee naye hana unafuu huo, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo mstaafu atunze pasipoti zake, zikiwemo zile zilizokwisha muda, na aandike siku. Akivuka kwenda Likoma au Nkhata Bay kwa wiki moja, muhuri wa kutoka na wa kuingia ni ushahidi wake.

PENSHENI INAINGIAJE KATIKA KODI

Mkazi akishapatikana, ndipo tunauliza juu ya fedha yenyewe. Hapa lazima kutenganisha pensheni za aina mbili, maana watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ile inayolipwa kwa sababu ya kazi aliyoifanya mtu, na inayotoka kwa mwajiri wake wa zamani au kwa niaba yake. Malipo ya kustaafu yametajwa katika mapato ya ajira, na sheria inapoeleza maana ya ajira inaingiza pia ajira iliyopita. Kwa hiyo kusema "siajiriwi tena" hakumtoi mtu humo.

Ya pili ni ile ya mfuko ambao mtu alikuwa akiuchangia. Mfuko wa ng'ambo si mfuko ulioidhinishwa Tanzania kwa sababu tu unalipa pensheni. Sheria inaiweka faida itokanayo na mfuko usioidhinishwa katika mapato ya uwekezaji. Neno la kuangalia ni "faida": alichochangia mwenyewe si sawa na kilichozaliwa juu yake. Mstaafu mwenye pensheni ya namna hii asitupe karatasi za michango yake, hata ziwe za miaka arobaini iliyopita. Bila karatasi hizo hana namna ya kuonyesha ni sehemu gani ni faida na ipi ni akiba yake mwenyewe.

Kuna msamaha mmoja ulioandikwa wazi katika Jedwali la Pili la sheria: pensheni au kiinua mgongo kinachotolewa kwa sababu ya majeraha au ulemavu uliotokana na vita, kikilipwa kwa yule aliyeumia mwenyewe. Mwenye pensheni hiyo hadaiwi kwa ajili yake.

Je, fedha ikibaki benki huko Ulaya? Kwa mkazi wetu haisaidii. Mtu binafsi anahesabu mapato ya ajira yanapolipwa, si yanapovuka mpaka. Hapa sheria yetu inatofautiana na ya nchi nyingine zinazopokea wastaafu wengi. Thailand, kwa mfano, humtoza anayeishi huko siku 180 au zaidi kwa fedha ya nje anayoiingiza nchini. Zamani alikuwa anaweza kuisubirisha fedha nje hadi mwaka uishe, kisha akaiingiza bila kodi. Mlango huo ulifungwa kuanzia Januari 2024, na wastaafu wa kigeni huko walihangaika sana. Kwetu mlango huo haukuwahi kuwepo katika sheria hii. Ndiyo maana ushauri ambao mstaafu ameupata kwa rafiki yake anayeishi Asia haumfai Mbamba Bay.

HESABU KWA SHILINGI

Pensheni ya fedha za kigeni inageuzwa kuwa shilingi kwa kiwango cha Benki Kuu cha siku inapopatikana. Kisha inapita katika viwango vya mkazi. Tangu Julai 2021 viwango hivyo, kwa mwezi, vimekuwa hivi: shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na kinachozidi milioni moja ni asilimia 30.

Mwenye pensheni ndogo ya shilingi 250,000 kwa mwezi, na hana mapato mengine, hadaiwi kitu. Mwenye 400,000 anadaiwa asilimia 8 ya 130,000, yaani shilingi 10,400 kwa mwezi. Tuseme Mama Mwalimu analipwa na mwajiri wake wa zamani sawa na shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Kodi ya milioni ya kwanza ni 128,000, na ya laki tano zilizobaki ni 150,000. Jumla 278,000 kwa mwezi, au 3,336,000 kwa mwaka. Kwa parokia nyingi hiyo ni fedha ya ada za mwaka mzima kwa watoto kadhaa. Tunaiandika hapa wazi ili mwone kwamba hatuzungumzi habari ya senti.

KODI ILIYOLIPWA HUKO KWAO

Sasa turudi kwenye jibu la kwanza, "imeshakatwa." Ni kweli mara nyingi imekatwa. Ujerumani, tangu mageuzi yake ya 2005, hutoza pensheni hata za wastaafu wanaoishi nje, na ofisi ya kodi ya mji wa Neubrandenburg ndiyo inayoshughulikia wastaafu wengi wa namna hiyo. Lakini kukatwa huko hakuifuti kodi ya hapa, kunaipunguza. Kifungu cha 77 kinampa mkazi nafuu kwa kodi ya mapato aliyolipa nje juu ya mapato yale yale. Mama Mwalimu akionyesha kwamba Ujerumani ilimkata sawa na shilingi 1,000,000 kwa mwaka, hapa atabaki na 2,336,000. Akionyesha kwamba huko alikatwa 4,000,000, hapa hatadaiwa kitu, lakini pia hatarudishiwa ile tofauti, maana nafuu haivuki kiasi cha kodi ambayo Tanzania ingetoza juu ya mapato hayo. Nafuu hii haiji yenyewe. Inaombwa, na inaombwa kwa hati ya kodi kutoka huko, siyo kwa maneno.

Nchi nyingine zina mkataba na Tanzania wa kuepuka kodi mara mbili. Miongoni mwake ni Afrika Kusini, Denmark, Finland, India, Italia, Kanada, Norway, Uswidi na Zambia. Mwenye pensheni kutoka nchi hizo asome ibara ya pensheni katika mkataba wa nchi yake kabla ya kupiga hesabu yoyote, na aangalie kama pensheni ya utumishi wa serikali imewekewa ibara ya peke yake, maana mikataba mingi hufanya hivyo. Ujerumani, Uingereza, Uswisi na Marekani, ambako wageni wetu wengi wanatoka, hazina mkataba wa namna hiyo nasi. Kwa wao kilichopo ni nafuu ya kifungu cha 77.

Neno moja kwa parokia zenye wastaafu Waingereza, maana tumeona bajeti zikipangwa bila kulijua: pensheni ya serikali ya Uingereza haipandishwi kila mwaka kwa mstaafu anayeishi Tanzania. Inabaki pale pale ilipokuwa alipohamia. Msiandike katika mpango wa miaka mitano kwamba mchango wake utakua.

SADAKA HAIONDOI KODI

Hapa ndipo penye uchungu kwa kamati. Mstaafu anaweza kutoa nusu ya pensheni yake kwa zahanati, na bado akadaiwa kodi ya pensheni yote. Makato ya michango ya hisani yaliyomo katika kifungu cha 16 yanahusu hesabu ya mapato ya biashara, na hata hapo yana kikomo. Pensheni si biashara.

Kwa sababu hiyo hutokea kishawishi ambacho tunakitaja bila kuficha. Mtu mwema anashauri: "Kwa nini pensheni isiingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mradi, tuiite msaada kutoka nje, kisha tumpe Mama posho ya kujikimu?" Anayeshauri hana nia mbaya; anafikiria ada za watoto. Lakini kumbukeni mtakuwa mmefanya mambo matatu kwa pamoja. Mmeandika uongo katika vitabu vya parokia. Mmechanganya fedha ya mtu binafsi na fedha za wafadhili, na mkaguzi atakapouliza mkataba wa msaada huo hamtakuwa nao. Na mmemfanya mstaafu kuwa mtu anayelipwa na parokia, jambo linaloleta kodi ya mshahara na maswali ya kibali cha kazi chini ya sheria ya 2015 ya ajira za wasio raia. Pensheni inaweza kupita mikono kumi. Inabaki kuwa yake tangu pale aliposahihi kuipokea.

Vivyo hivyo barua. Kamati isikubali kuandika barua kwamba mtu fulani "hukaa kwetu wiki chache tu" wakati kila mtu pale parokiani anajua alikula Pasaka na Krismasi nasi. Barua ya kweli juu ya tarehe alizokaa inaweza kumsaidia sana. Barua ya uongo inaweza kumwangusha yeye na mwenyekiti aliyeisaini.

Upande mwingine, parokia isijitwishe mzigo usio wake. Haina wajibu wa kukata kodi katika pensheni inayolipwa na mfuko wa Ulaya kwa mtu binafsi. Sadaka ya mstaafu iandikwe kama sadaka, kwa stakabadhi, kwa jina lake. Inatosha.

NJIA YA KUFUATA

Mwenye mapato ya ajira ambayo mwajiri wake hakati kodi Tanzania anatakiwa kujipeleka mwenyewe. Anaanza kwa Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN), ambayo hutolewa bila malipo. Ifikapo mwisho wa Machi anapeleka makadirio ya mwaka, na kodi anailipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mama Mwalimu, baada ya kutoa nafuu ya Ujerumani, angelipa 584,000 kila awamu. Mwaka ukiisha anapeleka ritani ya mwisho kabla ya Juni kwisha, na hapo makadirio yanasahihishwa.

Kwa mtu ambaye hali yake ina utata, kwa mfano pensheni mbili za aina tofauti, au nyumba ambayo haieleweki kama ni makazi ya kudumu, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 ina njia ambayo wachache wanaitumia. Anaweza kumwandikia Kamishna Mkuu, akaeleza hali yake yote kwa ukweli na ukamilifu, na kuomba uamuzi wa maandishi juu ya hali hiyo. Uamuzi ukitolewa, unamfunga Kamishna kwa mtu huyo, mradi aliyoeleza ni kweli. Karatasi hiyo ina thamani kuliko mashauri ya baraza zima la wazee. Na akipata makadirio asiyokubaliana nayo, anazo siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Asizipoteze kwa kuzungumza na karani dirishani.

Wale ambao wamekaa miaka kadhaa bila kupeleka chochote, tunajua wapo, na wengine wanatusoma. Hatuwashauri kusubiri. Riba hukua kila mwezi, na anayekwenda mwenyewe akiwa na hati zake anasikilizwa tofauti na aliyeitwa. Tafuteni mshauri wa kodi aliyesajiliwa, Songea au Dar es Salaam, lipeni ada yake, pigeni hesabu ya miaka yote kwa pamoja na nafuu za kodi ya nje, kisha mwende. Kwa baadhi itaonekana deni ni dogo au halipo kabisa, kwa kuwa kodi ya huko ilikuwa kubwa.

Ndugu mmoja wa ufukweni alituambia kwa utani kwamba Petro alipata sarafu ya kodi katika kinywa cha samaki, nasi ziwa tunalo, basi tungoje. Tulicheka. Lakini Petro naye ilibidi kwanza akatupe ndoana.

MASWALI KWA KIKAO CHA KAMATI

Katika bajeti yenu ya mwaka huu, ni shilingi ngapi zinategemea pensheni ya mtu mmoja? Je, mmezihesabu kabla ya kodi au baada ya kodi?

Nyumba ya mstaafu iliyojengwa kwenye kiwanja cha parokia, ina maandishi gani? Yanasema ni ya nani, na ni makazi ya namna gani?

Je, kuna fedha ya mtu binafsi inayopita katika akaunti ya mradi wa wafadhili? Ilianza lini, na nani aliiruhusu?

Nani kati yenu yuko karibu na mstaafu wenu kiasi cha kumkalisha chini, kwa heshima ya umri wake, na kumsomea somo hili kabla ya mwisho wa Machi?